Biskuti za wenye kisukari zitaje na mafuta yake

Mhariri,

Mama yangu ana kisukari, mwaka wa tisa sasa. Juzi jirani alimletea biskuti zilizoandikwa "zinafaa kwa wenye kisukari", naye akawa anazila na chai kila jioni kwa amani kabisa. Nilipogeuza pakiti nikaona ni kweli sukari haimo, ila kiungo cha pili ni mafuta ya mawese. Mwenye kisukari hasumbuliwi na sukari peke yake. Maradhi ya moyo na mishipa ndiyo yanayoua wengi wao, na mafuta yanayoganda hupandisha kolesteroli mbaya.

Vipo vitafunwa vyenye faida ya kweli. Oti na shayiri zina nyuzinyuzi ziitwazo beta-glukani, ambazo huwa kama ute mzito tumboni, hunasa nyongo na kutoka nayo. Ini hulazimika kuchota kolesteroli kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine. Tangu 1997 Marekani inaruhusu pakiti za oti kutaja faida hiyo, ikihesabu gramu 3 za beta-glukani kwa siku. Biskuti iliyonyunyiziwa chembe za oti juu haikaribii hapo.

Naomba watengenezaji walazimishwe kuandika gramu hizo, pamoja na gramu za mafuta, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka na mzee. Mama sasa anakula kiganja cha karanga zilizokaangwa bila mafuta wala chumvi, na vidonge vyake vya kolesteroli hajaviacha.

Msomaji wako,
Tanga