Risala ya Washona Mifarishi kwa Mgeni Rasmi, Durham, Uingereza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kukaa nasi. Tunajua kiti ulichokalia si cha hadhi yako. Vizuri vimefunikwa na vibovu katika chumba cha juu, na huko tutafika baadaye katika risala hii.

Historia tutaipitia mbiombio. Mfarishi ni tandiko la tabaka tatu, yaani uso, pamba katikati na bitana chini, zilizoshikwa pamoja kwa sindano. Ule wenye kisa cha Tristan, shujaa wa hadithi za kale, ulioshonwa Sicily mwishoni mwa karne ya 14, ungalipo katika makumbusho ya Victoria and Albert, London. Tandiko la viraka vya hariri lenye tarehe 1718 nalo limehifadhiwa Uingereza. Hapa Durham wake na wajane wa wachimba makaa walishona kwa vyama, kila mteja akilipa kidogo kidogo kwa wiki. Sisi tungesema upatu. Kuanzia 1928 Rural Industries Bureau, ofisi ya kukuza kazi za vijijini, ikawatafutia soko, hata kazi zao zikatandikwa katika hoteli za kifahari za London.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumekamilisha mfarishi mmoja, na wa pili umekaribia sana: umebaki katikati na mapindo. Aidha tumebobea katika kanga. Kanga mpya huloweshwa na kufuliwa kabla ya kukatwa, kwani nyekundu huchuja, na isiyofuliwa husinyaa baadaye ikavuta viraka jirani.

Mheshimiwa, sasa kilichotuleta. Tunaomba chumba cha juu.

Fremu ya Durham ni boriti mbili ndefu na mbao mbili bapa zenye matundu ya vigingi. Kazi hushonewa kwenye boriti, ikawa inaviringishwa kadiri inavyokwisha. Mfarishi wa mita 2.4 unataka boriti za mita 2.7 hivi, pamoja na nafasi ya kukaa na kuvuta uzi pande zote mbili. Mita 4 kwa 3 zinatutosha.

Ukumbi huu tunaachiwa kwa saa mbili tu, kisha fremu ivunjwe. Vigingi vikichomolewa, mkazo umepotea. Ukiikaza upya, viraka vilivyokatwa hanamu vinanyumbuka na bitana hainyumbuki. Mkunjo unajificha chini, na hauonekani mpaka siku ya kuutoa mfarishi kwenye fremu. Hapo dawa ni kufumua. Ukikaza kama ngozi ya ngoma ili kuukwepa mkunjo, sindano haipati pa kuyumba, na mishono inatoka mirefu juu, midogo chini. Kupiga bandi sakafuni tumejaribu, tena kwa kuanzia katikati kwenda nje ili ziada isinaswe ndani. Lakini sakafu hii ina wachezaji wake, na pamba haichagui vumbi.

Mwaka juzi tuliahidiwa ufunguo "wiki ijayo". Hatulaumu, wiki zina mambo mengi. Mwaka jana mgeni rasmi, muungwana kabisa, alisimama hapo mbele akasema, "Hilo nimelichukua." Tukapiga makofi. Tunaamini bado analo.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu, tunaomba ufunguo mmoja, na ruhusa kwa maandishi, maana ya mdomo tunayo ya kutosha. Tunaomba pia taa ya pembeni: ya darini humtupia mshonaji kivuli cha mkono wake mwenyewe, na alama za chaki huonekana vizuri mwanga ukija ubavuni. Viti vibovu tutavishusha wenyewe, leo hii ukipenda.

Mwisho, tumekuandalia zawadi ya foronya ya viraka. Upande mmoja haujapindwa. Tutaumalizia huko juu.

Tunaomba kuwasilisha.