Yah: Programu yenu ya kupanga vihisi inatoa ramani isiyoaminika

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Mimi ni mteja wenu mwenye leseni kamili ya programu ya kuiga mitandao ya vihisi visivyotumia waya. Niliilipia nijue mapema vihisi vya unyevu wa udongo vikae wapi shambani, viwe vichache lakini data isipotee. Ramani yenu ilitoka kijani tupu, yaani mawimbi yanafika shamba zima. Tukavifunga palepale ilipoelekeza. Mahindi yalipofika kimo cha mtu, upande wote wa bondeni ukanyamaza.

Tatizo ni lile duara mnalochora kuzunguka kila kihisi: ndani yake kila pakiti (kifurushi cha data) inafika, nje yake haifiki hata moja. Mawimbi ya redio hayana tabia hiyo. Mahali peupe, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mawimbi hushuka hadi robo. Penye vizuizi kipeo, yaani namba inayoonyesha nguvu inavyoshuka kadiri umbali unavyoongezeka, kinaweza kupanda kutoka 2 hadi 4, na umbali huohuo ukabakisha sehemu moja tu ya 16. Vihisi vyetu vinatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo majani mabichi huyafyonza sana. Kuna kimoja pembezoni hupotea kila mvua ikinyesha, kisha majani yakikauka kinarudi hewani. Antena zetu ziko karibu na ardhi, jambo linalopunguza umbali zaidi, lakini programu haina hata pa kujaza kimo cha antena!

La betri limeniudhi zaidi. Ripoti ilivipa vihisi vyote umri mmoja, kwa kuhesabu umeme wa kutuma peke yake. Redio nyingi za aina hii hula umeme karibu sawa zinaposikiliza na zinapotuma. Isitoshe, vihisi vilivyo jirani na kituo kikuu hubeba pakiti za wenzao wote. Ndivyo vilivyokufa kwanza, na vya nyuma, betri zikiwa bado nzima, vikakosa pa kupitishia data.

Silaumu kurahisisha mambo. Kila uigaji hurahisisha. Nalaumu kwamba hakuna ukurasa hata mmoja wa mwongozo wenu unaosema mmerahisisha nini. Programu huria ya kuiga mitandao kama ns-3 humwachia mtumiaji achague modeli ya upotevu wa mawimbi. Yenu ni ya kulipia, na haina chaguo hilo.

Naomba mrudishe ada ya leseni, au mtoe toleo linalopokea vipimo vya eneo husika, linalorudia uigaji mara nyingi na kuonyesha uwezekano wa pakiti kufika badala ya rangi moja ya kijani. Mwongozo urekebishwe kwa vyovyote, maana wapo wateja wengine wanaofunga vihisi kwa kuitegemea ramani hiyo.

Nimeambatisha faili la mradi na kumbukumbu za pakiti kutoka kituo kikuu. Tafadhali zisomwe na wahandisi wenu, si idara ya mauzo, na nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Msanifu wa mtandao, mwenye leseni