Nyumba ya kilimani haimaliziwi sebuleni

Mhariri,

Assalaam aleykum. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na ndugu zangu wanaojenga Pemba, hasa walioko Maskati, Dubai na hata hapo Unguja, wanaojengesha kwa kutuma fedha na kupokea picha.

Kaka yangu yuko Maskati. Nyumba yake iko juu ya Mkoani, pale ambapo ukikaa barazani unaiona boti ya Unguja kabla haijafunga gatini. Yeye analipa, mimi ndiye ninayesimama na mafundi. Tangu bati lipande, zimebaki kazi za kumalizia: plasta, milango, madirisha ya alumini, tailizi, jipsamu ya dari, rangi. Aliyewahi kujenga anajua kuwa hapo ndipo fedha inapoyeyuka. Ninalolalamikia mimi ni kwamba tunaiyeyushia ndani, na nje ndiko kunakoharibika.

Pemba haina mlima wa kuitwa mlima, lakini upande wetu huu wa magharibi kiwanja kilichonyooka ni cha kutafuta kwa tochi. Ukitaka nyumba ya vyumba vinne itabidi ukate kilima nyuma na ujaze kifusi mbele. Masika yakiingia, Machi hadi Mei, maji yote ya huko juu yanakuja kuupiga ukuta wa nyuma. Sasa msikilize tajiri anavyoongea na fundi wake kwenye simu: jipsamu iwe na ngazi ngapi, taa ziwe za rangi gani. Ukiuliza mtaro wa nyuma, unaambiwa, "Huo mdogo, dada, tutauchimba tukishamaliza."

Kwenye nyumba hii udongo uliokatwa uliachwa umeegemea ukuta wa vyumba viwili vya nyuma, kimo cha kiuno. Plasta ya ndani ilishapigwa na fundi rangi alishafika na ndoo zake. Nikamwambia angoje. Nikakata vipande viwili vya nailoni, kimoja nikakibandika ukuta wa mbele na kimoja wa nyuma, gundi pande zote nne, nikaviacha hadi asubuhi. Cha mbele kilikuwa kikavu. Cha nyuma, upande ulioegemea ukuta, kilijaa matone kama kioo cha gari lililolala nje. Fundi akasema hiyo ni plasta mbichi tu, itakauka. Nikamuuliza: plasta imepigwa wiki moja nyumba nzima, mbona ya mbele imekauka? Akafunga ndoo yake.

Nikampelekea kaka picha. Kwenye simu ukuta ule unapendeza, mweupe, umenyooka. Picha haina unyevu wala harufu, na wallahi sijui nyumba ngapi za watu wetu zimelipiwa hivyo hivyo, kwa picha. Ikabidi nimpigie nimweleze kwa mdomo, na kwa ukali kidogo, ijapokuwa yeye ndiye mkubwa wangu.

Fedha ya jipsamu ikahamia nje. Udongo ukavutwa nyuma mbali na ukuta, ukajengwa ukuta wa mawe wa kuuzuia, wenye matundu ya kutolea maji; bila matundu hayo ukuta wa kuzuia nao husukumwa na maji ukaanguka. Chini ukachimbwa mtaro, ukalazwa bomba lenye matobo, ukajazwa kokoto. Hakuna mgeni atakayeingia akausifu.

Halafu kuna maji ya bati. Paa la mita za mraba 150 likipigwa na mvua ya milimita 40 linamwaga lita 6,000, yaani matangi sita ya lita 1,000, kwa mvua ya siku moja tu. Bila milizamu, yaani mifereji ya kuyakinga ukingoni mwa bati, yanakwenda wapi? Kwa jirani wa chini. Mimi nimemwona bibi mmoja hapa kwetu akiinua magunia ya mkaa jikoni kwake kwa sababu wa juu wamejenga ghorofa na hawakukumbuka mlizamu. Hasemi kitu, watu wazima wetu hawapendi ugomvi, lakini maji ya bati lako ni mzigo wako. Kaka ameweka milizamu na tangi, na bado ninambana kuhusu karo la maji ya choo, lisikae upande wa juu wa kisima cha watu.

Kazi za ndani nazo zina vipimo vyake, na havitaki utaalamu. Gonga tailizi kwa sarafu. Inayolia uwazi haikushika, ing'olewe kabla fundi hajalipwa. Mwaga ndoo ya maji chooni uone yanakimbilia tundu au mlango. Mlango wa mfenesi uliobana sawasawa wakati wa jua la kaskazi utavimba na hautafungika masika, mwambie seremala aupe nafasi.

Lakini kubwa ni malipo. Kwenye majengo makubwa ya mkataba huzuiliwa sehemu ya fedha ya mkandarasi mpaka kipindi cha kuangalia kasoro kipite, na mara nyingi ni mwaka. Sisi wa nyumba za familia tunamaliza kulipa siku ya kukabidhiwa funguo, katikati ya jua kali. Zuieni kidogo, kwa maandishi na kwa kukubaliana na fundi tangu mwanzo, mpaka masika moja yapite juu ya hilo bati. Fundi wetu alinuna kwanza. Baadaye akakubali, akaomba tu tusimcheleweshe pakishakauka.

Na wahandisi wa wilaya, kama mnasoma: njooni kilimani kabla ya jembe la kwanza, mtuonyeshe mstari wa maji. Ukuta ukishaloa, ushauri wenu unatugharimu mara mbili.

Dada wa mwenye nyumba,
Mkoani, Pemba