Kaka, andika tarehe uliyoomba miadi: barua ya wazi kuhusu hospitali za wastaafu wa jeshi la Marekani

Kaka yangu,

Swali lako ndilo wanalouliza wastaafu wengi wa jeshi la Marekani: kama Bunge lina kamati mbili nzima za kuisimamia wizara yenu ya wastaafu wa jeshi (VA), ile inayoendesha hospitali zenu, mbona daktari wa mgongo bado anakupa miadi ya miezi minne mbele? Umesema ulikitazama kikao kile mwanzo hadi mwisho. Waziri alibanwa, wabunge walifoka, kisha wote wakainuka wakaenda zao. Nakujibu hadharani kwa sababu jibu lenyewe linawahusu na wenzako.

Nianze na tarehe, maana usimamizi wote huu umejengwa juu yake.

Mfikirie karani wa miadi mbele ya kompyuta. Mgonjwa anapiga simu tarehe 3 Machi na kuomba amwone daktari mapema iwezekanavyo. Utaratibu unamtaka karani ajaze kwanza tarehe anayoitaka mgonjwa, yaani 3 Machi, ndipo atafute nafasi. Nafasi ya kwanza iliyo wazi ni 20 Mei, na mfumo utahesabu siku 78. Karani anatoka kwenye ukurasa bila kuhifadhi, anamuuliza mgonjwa: "Tarehe 20 Mei itakufaa?" Mgonjwa atajibu nini? Anasema itamfaa. Karani anaingia upya, anajaza 20 Mei kuwa ndiyo tarehe aliyoitaka mgonjwa, na siku za kusubiri zinakuwa sifuri. Hapo hakuna hati ya kughushi wala saini bandia. Ni kisanduku kimoja tu kilichojazwa baada badala ya kabla, na mgonjwa wa siku 78 amefutika kwenye ripoti inayopanda hadi kwa waziri na kutoka kwa waziri hadi bungeni.

Makarani hawakujitungia mchezo huo kwa uvivu. Wizara ilikuwa imeweka lengo la siku 14, na lengo hilo likafungwa kwenye tathmini na bonasi za wakubwa wa hospitali. Madaktari hawakutosha, wagonjwa waliongezeka, lengo likabaki palepale. Katika hali hiyo kilichokuwa rahisi kupunguza ni namba, si foleni.

Linaloniuma zaidi ni kwamba jambo hili lilijulikana. Mkaguzi Mkuu wa wizara aliandika juu ya kasoro za upangaji miadi mwaka 2005. Tarehe 26 Aprili 2010 wizara yenyewe ilisambaza waraka ndani kwa ndani ukizitaja hila hizi moja moja. Desemba 2012 GAO, ofisi ya ukaguzi inayofanya kazi kwa niaba ya Bunge, ilisema takwimu za kusubiri hazitegemeki. Karatasi tatu hizo zilikuwapo, lakini wizara ilikubali mapendekezo ya wakaguzi, ikaahidi mafunzo kwa makarani, na Bunge likaendelea kupokea takwimu zilezile.

Kilichovunja ukimya ni hospitali ya wizara iliyoko Phoenix, Arizona. Daktari aliyekuwa amestaafu hapo, Sam Foote, alisema kuna orodha ya pembeni ya wagonjwa wanaosubiri. Aprili 2014 Jeff Miller, mwenyekiti wa kamati ya Baraza la Wawakilishi, aliitaja kikaoni. Tarehe 8 Mei kamati ikapiga kura kutoa hati ya wito, yaani amri ya kisheria ya kuleta barua pepe na nyaraka, si ombi tena. Tarehe 28 Mei Mkaguzi Mkuu akatoa ripoti ya awali. Alichukua sampuli ya wastaafu 226 na kufuatilia miadi yao ya kwanza kwa daktari wa huduma ya msingi. Hospitali ilikuwa imeripoti kwamba kwa wastani walisubiri siku 24. Yeye alipata siku 115. Wengine 1,700 walikuwa wakingoja miadi huku majina yao hayamo katika orodha rasmi. Siku mbili baadaye Waziri Eric Shinseki alijiuzulu.

Angalia vizuri kilichofanya kazi pale. Kelele za kikaoni zilisaidia kuvuta macho ya watu, lakini kilichouangusha uongo ni mtu kukaa na majina 226 na kulinganisha tarehe ya mgonjwa na tarehe ya kompyuta. Bunge haliendeshi hospitali wala halimpangi daktari zamu. Zana zake ni sheria, fedha, wito, na ukaguzi, na zote zinahitaji ukweli mdogo kama huo ili zipate pa kukamata.

Kuhusu kikao ulichokitazama: mbunge hupewa dakika tano. Waziri akitumia tatu kushukuru na kueleza dhamira yake, zimebaki mbili. Akibanwa husema, "Nitakuletea jibu kwa maandishi." Baada ya kikao wabunge hupeleka maswali ya maandishi, na majibu huweza kuchukua miezi. Hayo ndiyo ya kusoma. Humo utakuta idadi ya nafasi za madaktari zilizo wazi katika hospitali fulani, au tarehe ambayo wizara imejifunga kumaliza jambo fulani. Kumbuka pia ukubwa wa kinachosimamiwa: hospitali kama 170, zahanati zaidi ya 1,000, waliosajiliwa zaidi ya milioni 9. Watumishi wa kamati ni wachache mno kuliko wa wizara. Hawawezi kuona kila mahali, wanafika kule ambako kuna mtu amewaonyesha.

Sasa mgongo wako. Baada ya Phoenix, Bunge lilipitisha sheria iliyosainiwa tarehe 7 Agosti 2014 ya kuwaruhusu wastaafu kutibiwa nje ya hospitali za wizara. Ikawa na vurugu zake, na nafasi yake ikachukuliwa na sheria ya MISSION iliyosainiwa tarehe 6 Juni 2018 na kuanza kutumika mwaka mmoja baadaye. Vipimo vinavyotumika ni hivi: kwa huduma ya msingi na afya ya akili, siku 20 au mwendo wa wastani wa dakika 30 kwa gari, kwa daktari bingwa, siku 28 au dakika 60. Mgongo ni wa bingwa, kwa hiyo kipimo chako ni siku 28. Ikiwa wizara haina nafasi ndani ya siku hizo, una haki ya kuomba rufaa ya kutibiwa nje. Miezi minne imevuka mbali.

Lakini hapa pana mitego mitatu. Siku huhesabiwa tangu ulipoomba, isipokuwa wewe na mhudumu wako mmekubaliana tarehe ya mbele zaidi. Kwa hiyo usijibu kwa upole, "Wakati wowote mwezi ujao ni sawa," kama si sawa. Sema, "Nataka ya mapema kabisa," na uandike siku uliyoisema. Mtego wa pili: usiende kwa daktari wa nje kabla wizara haijatoa idhini, maana bili itakufuata nyumbani. Dharura ina njia yake, nayo ni kwamba wizara ijulishwe ndani ya saa 72 tangu ulipoanza kutibiwa. Wa tatu hutajwa mara chache: siku 28 zinakufungulia mlango wa kutoka tu. Hazimlazimishi daktari wa nje akuone ndani ya siku 28. Akikupa miezi mitano, umebadilisha foleni. Uliza tarehe zote mbili kabla hujachagua.

Naona nikueleze na suala la mfumo wa kompyuta, maana huko ndiko usimamizi wa Bunge ulikofanya kazi kwa karibu zaidi miaka hii. Mei 2018 wizara ilisaini mkataba wa takriban dola bilioni 10 na kampuni ya Cerner, ambayo baadaye ilinunuliwa na Oracle, ili kuachana na mfumo wake wa zamani wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao VistA. Hospitali ya kwanza kuutumia mfumo mpya ilikuwa Mann-Grandstaff, mjini Spokane, Washington, Oktoba 2020. Daktari alikuwa akiandika agizo, tuseme rufaa au kipimo, anabonyeza, na skrini inaonyesha limekwenda. Kama mahali alipolielekeza hapakulingana na yanayotambuliwa na mfumo, agizo halikurudi kwake. Liliingia kwenye foleni ya pembeni ambayo wahudumu hawakuambiwa kwamba ipo. Daktari anaamini mgonjwa ameitwa, mgonjwa anaamini hajafikiwa zamu yake. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ya Julai 2022 ilitaja maagizo zaidi ya 11,000 yaliyopotelea humo, na wagonjwa 149 walioonekana kupata madhara.

Bunge lilikwisha kuunda kamati ndogo ya mambo ya teknolojia mwaka 2018, kwa ajili ya mradi huu hasa. Mwaka 2022 likapitisha sheria inayoitaka wizara itoe taarifa ya gharama kila robo mwaka. Aprili 2023 wizara ilisimamisha upelekaji wa mfumo kwenye hospitali nyingine, na Mei mkataba ukaandikwa upya: badala ya miaka mitano mfululizo, ukawa vipindi vitano vya mwaka mmoja mmoja, vyenye adhabu kali zaidi kwa kampuni. Kwa maoni yangu, hicho kipengele cha mwaka mmoja kimeleta faida kuliko vikao kumi vya kufoka. Aliyeuza anajua kwamba kila mwaka kuna siku ya kuulizwa.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Tangu sheria ya mwaka 2009, fungu la matibabu ya wastaafu hupitishwa mwaka mmoja kabla, ndiyo maana hospitali zenu hubaki wazi hata serikali inapofungwa kwa kukosa bajeti. Usiogope ukisikia habari za kufungwa. Nenda kwenye miadi yako.

Kuna jambo moja la kukaa nalo macho. Mkaguzi Mkuu ndiye macho ya kamati. Januari 2025 Michael Missal, aliyeshika kazi hiyo tangu 2016, aliondolewa pamoja na wakaguzi wa wizara nyingine kadhaa, ilhali sheria ya mwaka 2022 inataka Bunge lipewe taarifa siku 30 kabla, pamoja na sababu. Ofisi yake ipo na inaendelea kutoa ripoti. Lakini mkaguzi anayeweza kuondolewa bila taarifa huandika huku akitazama mlango, na wastaafu mnapaswa kuwauliza maseneta wenu juu ya hilo, wa chama chochote.

Turudi kwako. Chukua daftari. Kila mawasiliano, mstari mmoja: tarehe, saa, uliyezungumza naye, ulichoomba, ulichojibiwa. Panapowezekana tumia ujumbe wa ndani wa tovuti ya wizara badala ya simu, maana ujumbe unabaki. Pakua na kumbukumbu zako za matibabu kutoka hukohuko, uangalie kama rufaa uliyoahidiwa imeandikwa kweli. Mara nyingi tatizo liko hapo: daktari alisema atakuandikia, na hakuandika.

Kisha nenda kwa mtetezi wa wagonjwa wa hospitali yako. Kila hospitali ya wizara anaye. Usiishie kumsimulia, omba lalamiko liingizwe kwenye mfumo, maana lisiloingizwa halihesabiwi popote. Ukikwama, vyama vya wastaafu kama DAV, VFW na American Legion vina maofisa wenye kibali ambao hawatozi ada kukusaidia.

Ikishindikana, mbunge wako. Si ofisi ya Washington, ofisi ya jimboni, ndiko kuna mtumishi anayeshughulikia kesi za watu. Atakupa fomu ya idhini usaini, kwa sababu sheria ya faragha ya mwaka 1974 inaizuia wizara kumpa habari zako bila ruhusa yako. Bila fomu hiyo barua yako italala mezani. Chagua ofisi moja, ya mbunge au ya seneta. Ukizipelekea zote kwa pamoja, kila moja itasubiri nyingine. Na ujue mipaka yake: hawawezi kuamuru upasuaji wala kukurusha foleni. Wanachoweza ni kuilazimisha wizara ijibu kwa maandishi. Kesi zikifanana nyingi kutoka hospitali moja, mbunge anakuwa na la kuuliza kamati ikikaa.

Barua iwe fupi. Hasira yako ni ya haki, lakini mtumishi yule ana mafaili mengi na anatafuta tarehe. Iandike hivi:

"Mimi ni mstaafu wa jeshi, nimesajiliwa kwa matibabu ya wizara. Tarehe fulani niliomba kumwona daktari bingwa wa mgongo, nikataka nafasi ya mapema kabisa. Nilipewa miadi ya tarehe fulani, yaani siku kadhaa tangu niombe. Tarehe fulani niliomba rufaa ya nje kwa kuwa siku 28 zimepita. Nilijibiwa hivi. Naomba wizara ieleze kwa maandishi: mfumo wao unaonyesha niliomba tarehe gani, na kwa nini sijapewa rufaa."

Swali la kwanza usilitoe. Wakijibu tarehe isiyo ile iliyoko kwenye daftari lako, piga nakala ya jibu na ya ukurasa wa daftari, uzipeleke kwa mtumishi yuleyule siku hiyohiyo. Na ukishaituma barua, andika mstari mpya: umeituma lini, na nani amekwambia ameipokea.

Wako katika damu,
Mdogo wako