Kabla Hujailipia Hiyo Laptopu

Mpendwa Idi,

Salaam sana, ndugu yangu. Huku sote ni wazima, na barua yako imenifurahisha kuliko unavyodhani, maana muda mrefu nimetamani tucheze timu moja bila wewe kusubiri mtu akuachie mashine yake.

Umeniuliza kama ile laptopu uliyoonyeshwa, yenye kibandiko cha Core i7, itakufaa kwa magemu ya Valorant na Counter-Strike 2. Kwa sasa usiilipie. Inawezekana ni nzuri, inawezekana ni chuma chakavu, na kibandiko hakiwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo mbili. Hela hiyo umeikusanya kwa jasho, kwa hiyo nitakueleza kwa urefu. Nivumilie.

Anza na hiyo i7, ambayo ni jina la prosesa ya Intel, yaani ubongo wa kompyuta. Muuzaji akitamka "i7" anataka usikie "ina nguvu", lakini nguvu imeandikwa kwenye namba zinazofuata. Kuna i7-4600U ya mwaka 2013, ina viini viwili tu, yaani sehemu mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Kuna i3-1215U ya mwaka 2022, ina viini sita. Ukiziweka kwenye gemu moja, hiyo i3 itaiacha i7 mbali, na bado mtu asiyejua atakubali kulipa zaidi kwa ajili ya i7. Tarakimu za mwanzo ndizo zinazotaja kizazi: 4600 ni kizazi cha nne, 1215 ni cha kumi na mbili. Herufi ya mwisho nayo ina habari yake. U ni prosesa iliyobanwa itumie umeme kidogo, H ni ile iliyoachiwa ivute zaidi, na kwa magemu H ndiyo ya kutafuta.

Upande wa AMD, mshindani wa Intel, kuna mtego mwingine ambao umewanasa wengi. Ryzen 5 7520U inasikika kama kitu kipya kabisa kwa kuwa namba yake inaanza na 7, kumbe ndani imejengwa kwa muundo wa Zen 2, ambao ni wa mwaka 2019. Kwenye prosesa hizo za mfululizo wa 7000, tarakimu ya tatu ndiyo inayofichua muundo: 7520U ni Zen 2, 7640HS ni Zen 4. Tofauti ya hizo mbili kwenye gemu ni kubwa mno.

Kizazi kina uzito kwa sababu nyingine pia, na hii inakuhusu wewe hasa mwenye mapenzi na Valorant. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, kwa jumla. Juu ya hapo, Vanguard, ile programu inayowakamata wadanganyifu kwenye Valorant, ikiwa kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 (sehemu ya usalama ndani ya mashine) na Secure Boot (kinga ya wakati wa kuwaka) viwe vimewashwa. Gemu la Battlefield 6 nalo linadai Secure Boot. Mashine ikivikosa hivi, hata iwe na nguvu kiasi gani, gemu halitafunguka. Kuangalia ni rahisi: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, usome toleo. Ukiona 2.0, endelea. Ukiambiwa haipatikani, huenda imezimwa tu kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, na akishindwa, shukuru uondoke. Na kama kuna anayekushawishi uchukue MacBook ya bei poa, mkatalie, kwa sababu Valorant haipo kabisa kwenye Mac, na Counter-Strike 2 vilevile.

Sasa tuje kwenye kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, mahali ambapo hela yako inapaswa kwenda. Hapa nataka usome taratibu.

Kadi mbili za laptopu zenye jina moja zinaweza kuwa na nguvu tofauti sana. Kampuni ya NVIDIA inaiuza kadi yake ya RTX 4060 ya laptopu ikiwa na ruhusa ya kutumia umeme kuanzia wati 35 hadi 115, na mtengenezaji wa laptopu ndiye anayeamua aiachie kiasi gani. Akitengeneza laptopu nyembamba ya kupendeza, anaibana kadi ili isichome meza. Akitengeneza nene yenye feni kubwa, anaiachia. Kwenye kisanduku zote zimeandikwa RTX 4060. Ndiyo maana RTX 4050 iliyoachiwa wati 100 inaweza kuipita RTX 4060 iliyobanwa chini ya wati 50, huku yenyewe ikiwa na bei nafuu. Wapenda magemu wakubwa kwa wadogo wanapigwa hapo kila siku, na inaniuma, kwa sababu taarifa hiyo ingeweza kuandikwa kwa tarakimu tatu tu kwenye kisanduku.

Namna ya kuigundua bila kumtegemea mtu ni kugeuza chaja. Nyuma yake kuna maandishi madogo ya umeme unaotoka, volti na ampea. Zizidishe. Ikiandikwa volti 20 na ampea 9, hiyo ni chaja ya wati 180, na mashine inayokuja nayo imekusudiwa kazi nzito. Ikiandikwa volti 20 na ampea 3.25, hiyo ni wati 65. Sasa jiulize: prosesa ya H peke yake inaweza kuvuta wati 45, skrini na feni vinataka chao, kadi itabakiwa na nini? Chaja haipambwi na mtu wa matangazo, kwa hiyo iamini. Hakikisha pia ni chaja ya asili ya mashine hiyo, maana iliyobadilishwa haikuambii chochote.

Angalia na kumbukumbu ya kadi yenyewe. RTX 2050 na RTX 3050 nyingi zina GB 4, RTX 4050 ina GB 6, RTX 4060 ina GB 8. Kwa Valorant GB 4 zinatosha bila wasiwasi. Kwa magemu makubwa ya sasa utalazimika kushusha ubora wa picha, la sivyo itaanza kukwamakwama katikati ya mapambano. Kama bajeti inakubana, GTX 1650 iliyotumika bado inacheza magemu yako yote mawili vizuri. Nakuambia bila kusita: usijisikie mnyonge kuinunua.

Na kama hata hiyo haifikiki? Basi tafuta laptopu isiyo na kadi ya pekee lakini yenye Radeon 680M au 780M, grafiki zilizomo ndani ya baadhi ya prosesa za Ryzen za kuanzia 2022. Riot, wenye gemu la Valorant, wenyewe wanasema Valorant inaweza kuwaka hata kwenye Intel HD 4000, grafiki ya mwaka 2012, ingawa kwa fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde. Kwa hiyo 780M kwa gemu hilo ni anasa. Sharti lake moja ni RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, na sharti hilo usilipuuze.

Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inaazima RAM ya mashine. RAM ikiwa kijiti kimoja, data inapita njia moja. Vikiwa viwili, njia zinakuwa mbili na fremu zinapanda waziwazi. Hata mashine zenye kadi ya pekee zinanufaika, hasa kwenye Counter-Strike 2 inayoitegemea sana prosesa. Mashine nyingi za bei ya chini zinauzwa na kijiti kimoja cha GB 8. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye sehemu ya utendaji, bonyeza kumbukumbu, na chini ya mchoro utasoma ni nafasi ngapi zimetumika. Ukikuta moja kati ya mbili, nafurahi kwa niaba yako, kwa sababu utaongeza kijiti kingine baadaye ukipata hela. Ukikuta RAM imechomelewa kwenye bodi na hakuna nafasi ya kuongeza, basi unachonunua ndicho utakachobaki nacho, na chini ya GB 16 usikubali.

Diski ya kuhifadhia iwe SSD, ile ya kasi, ya GB 512 kama inawezekana. Counter-Strike 2 pekee inataka takriban GB 85.

Skrini: tafuta ya Hz 144, yaani inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde. Ya Hz 60 inakuonyesha picha mpya kila baada ya milisekunde 16.7 hivi, ya Hz 144 kila baada ya milisekunde 6.9. Adui anayechungulia kwenye kona utamwona mapema kidogo, na kwenye magemu ya kulenga shabaha hicho kidogo ndicho kinachoamua nani anaanguka. Ukishaipata, ingia kwenye mipangilio ya skrini uhakikishe imewekwa 144, maana nyingine huletwa zikiwa 60 na mwenyewe anakaa nazo mwaka mzima bila kujua.

Kuhusu mtandao, naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ulisema unatafuta laptopu "isiyo na pingi kubwa". Pingi ni muda wa ujumbe kwenda kwenye seva, kompyuta inayoendesha mechi, na kurudi. Laptopu haiwezi kukupunguzia umbali. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa umbali wa kilomita 5,000, kwenda na kurudi peke yake ni milisekunde 50, kabla hujahesabu msururu wa vituo vya njiani. Hakuna prosesa itakayoziondoa hizo. Kitu unachoweza kukinunua ni uthabiti. Pingi ya 70 isiyotikisika inachezeka kuliko pingi inayoruka kutoka 40 hadi 200, na mara nyingi kuruka huko kunatokana na Wi-Fi ya humo nyumbani. Kwa hiyo penda laptopu yenye tundu la waya wa mtandao ubavuni, uiunganishe na ruta moja kwa moja. Nyembamba nyingi zimelitoa tundu hilo. Ukiikosa, kuna adapta ndogo za USB zinazofanya kazi ileile. Halafu ukiingia kwenye gemu, chagua seva ya karibu na ulipo.

Ikiwa unachukua iliyotumika, na kwa bajeti uliyonitajia naona ndiyo njia ya busara, usiridhike kuiona ikiwaka tu. Omba uichezee nusu saa nzima ikiwa kwenye chaja. Dakika tano za kwanza kila mashine ni shujaa. Joto ndilo linaloumbua: baada ya dakika kumi na tano hivi, mashine yenye feni zilizojaa vumbi au pasti ya kupitisha joto iliyokauka huanza kujipunguzia kasi ili isiungue, na fremu zilizokuwa 120 unaziona zinashuka hadi 60 na kubaki hukohuko. Weka kiganja karibu na matundu ya hewa. Hewa itoke kwa nguvu na iwe ya moto. Hewa ikitoka kidogo huku keibodi inachoma vidole, kuna tatizo. Linaweza kuwa la kusafisha tu, lakini bei ishuke kwanza.

Muuzaji akikataa nusu saa hiyo, achana naye, hata awe mcheshi vipi.

Ukiwa hapohapo, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport. Itatengeneza ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Betri iliyobaki na nusu si sababu ya kuikataa, kwa kuwa magemu utayacheza kwenye chaja. Laptopu ikiwa kwenye betri hupunguza nguvu ya kadi kwa makusudi. Ila itumie ripoti hiyo kuomba upunguziwe. Kitu cha kukataa kabisa ni betri iliyovimba. Ukiona sehemu ya kugusa inayotumika badala ya panya imeinuka au kifuniko cha chini hakikai sawa, usiiguse mashine hiyo.

Bawaba nazo zifungue na kuzifunga mara kadhaa usikilize kama zinalia.

Jambo dogo ambalo linaweza kukupa hofu bure: ukishaichukua, gemu likienda kwa kusuasua, kabla hujakasirika angalia kama Windows haijalitupa kwenye grafiki ya ndani badala ya kadi yako. Ingia kwenye mipangilio ya grafiki, litafute gemu kwenye orodha, ulichagulie utendaji wa juu. Mara nyingi dawa inaishia hapo.

Kwa wewe, na magemu unayocheza, ningechagua iliyotumika yenye RTX 3050 au GTX 1650, prosesa ya H ya Intel kuanzia kizazi cha kumi au Ryzen ya H kuanzia mfululizo wa 4000, vijiti viwili vya RAM, skrini ya Hz 144, chaja isiyopungua wati 120, nene bila aibu. Mpya nyembamba yenye i7 na grafiki hafifu ya ndani ningewaachia wenye kazi za ofisini.

Nenda kesho ukaitazame tena ile uliyoonyeshwa. Nipigie picha tatu: jina kamili la prosesa, jina la kadi pamoja na kumbukumbu yake, na maandishi ya nyuma ya chaja. Ukinitumia mchana, hadi jioni nitakuwa nimekujibu.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Rafiki yako,
Hamadi