Tukuyu si ya kuchimba dawa tu

Mhariri,

Naendesha Coaster kati ya Mbeya na Kasumulu, mpakani mwa Malawi, mwaka wa 19 sasa. Abiria wangu wengi wanaijua Tukuyu, mji wa wilayani Rungwe ulio njiani, kwa mambo mawili: mvua, na dakika kumi za kuchimba dawa, yaani kujisaidia. Wakisharudi kwenye siti na chane ya ndizi mkononi, swali ni moja: "Suka, mpakani bado mbali?"

Wapo wachache, hasa wa siti ya mbele, wanaouliza mengine. Lile jengo la kizamani ni la nani? Nilikuwa najibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni boma la Wajerumani, hapa ndipo walipoanzia, na mji wakauita Langenburg. Nimesema hivyo miaka na miaka, mpaka siku mzee mmoja aliyepandia Ushirika aliponigusa bega. "Mwanangu, gari unalijua, ila hilo umekosea."

Langenburg ya kwanza, akanieleza, ilikuwa chini kabisa, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Joto na homa vikawashinda Wajerumani, wakapanda huku kwenye baridi, na mji wakauita Neu Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Mwaka 1916, wakati wa vita, majeshi ya Waingereza yakaingia kutoka kusini na kuuchukua. Hilo jina la pili nalo likafa, ikabaki Tukuyu. Boma lilipata wenyeji wengine. Leo ni ofisi za halmashauri ya Rungwe. Watu wanaingia na mafaili yao, wanasubiri foleni wameegemea ukuta, wanatoka.

Niliona aibu, Mhariri. Mimi ni Msafwa wa Igawilo, Rungwe si kwetu, lakini chumvi ya barabara hii nimeila. Siku iliyofuata ya mapumziko nikapanda gari la mwenzangu kama abiria, nikashuka kwenda kuliona Daraja la Mungu. Miaka yote hiyo nilikuwa nalisikia tu! Ni mwamba mtupu uliovuka Mto Kiwira, hakuna fundi aliyeujenga. Moto wa volkano ulimwaga uji wa mawe, ukapoa, maji yakajipenyeza chini yake. Mbele zaidi, upande wa chuo cha Magereza, kuna Kijungu, ambako mto mzima unaingia kwenye tundu la jiwe na kuzunguka kama ugali unaosongwa. Nilisimama pale hadi viatu vikaloa. Ziwa Ngozi na Masoko nitasema siku nyingine, na yule nyani kipunji ambaye watafiti walimwona Mlima Rungwe mwaka 2003 huku wenyeji wakiwa na jina lake tayari.

Hata huo mpaka wanaoukimbilia una habari zake. Napakia watu wanaokwenda msibani Karonga, ng'ambo, na wakifika hawahitaji mkalimani, maana Wangonde wa kule na Wanyakyusa wa huku ni ndugu wa lugha moja. Mto Songwe ulifanywa mpaka mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana huko kwao Ulaya. Tangu hapo shangazi yuko nchi nyingine, na kwenda kumzika kunataka karatasi.

Ninachoomba ni kidogo. Viwekwe vibao vya Kiswahili: kimoja bomani, kimoja njia panda ya Daraja la Mungu, kimoja Kasumulu. Kibao kimoja nimekikuta njiani kimeandikwa Kiingereza peke yake, herufi zimebanduka, na mshale unaelekeza kwenye shamba la migomba ya mtu. Mgeni wa Ulaya ana simu yake ya kumwelekeza. Mama wa Kiwira anayempeleka mjukuu kutembea anasomewa na nani?

Wahusika wasiniambie habari ya bajeti. Yule kijana anayeandika namba za magari pale stendi nimeshamuuliza: mbao tuje nazo, rangi na mkono wake ni elfu thelathini na tano kwa kibao. Cha bomani nitalipa mimi. Nangoja kibali tu, na mtu wa kunihakikishia tahajia ya hilo neno Neu.

Dereva wa Coaster,
Igawilo, Mbeya