Shukrani kwa mzee wa Mto Gura

Mzee wetu, jina lako hatukulipata, lakini asante sana. Kwenye vijito vya Aberdare vilivyofunikwa na vichaka, huko waliko samaki aina ya trauti wa kahawia walioletwa Kenya kutoka Uskoti mwaka 1905, ukirusha mshipi kwa kuupeleka nyuma kwanza, utanasa matawini tu. Wewe ulitufundisha mrusho wa upinde. Ufito mfupi wa kuvulia, futi 7 hivi. Mshipi ulio nje usizidi urefu wa ufito, nao ubanwe kwa kidole kwenye mpini, la sivyo unateleza na nguvu yote inapotea. Nzi bandia, yaani chambo cha kuiga mdudu kilichofungwa kwenye ndoana, anashikwa kwenye mpindo wa ndoana, ncha ikiwa mbali na vidole, maana ikigeuka inakuchoma wewe. Elekeza ufito penye upenyo, mvute nzi nyuma hadi ufito ujipinde, achia. Mkono wa ufito usitikisike hata kidogo!

Na lile la kumwendea trauti kutoka upande wa chini wa mto, kwa magoti, kwa kuwa hutazama maji yanakotoka, limetufaa kuliko vifaa vyote vya bei. Mungu akuzidishie afya, mzee.